Fundi wa malakiti na shaba bila mitandao: mteja ni wa nani?

Lubumbashi, Likasi na Kolwezi ni miji yenye mafundi wa mikono ambao kazi yao inatoka moja kwa moja ndani ya udongo wa Katanga. Kuna wachonga malakiti, lile jiwe la kijani lenye mistari. Kuna wapiga shaba, wanaotoa sura ya tembo au ya mama anayetwanga katika bati jembamba la shaba. Kuna pia wachora tablo. Wengi kati yao hawana ukurasa wa Facebook, hawaonekani kwenye Instagram wala TikTok, na hata WhatsApp wanaifungua tu ile siku mega ikipatikana. Lakini wapo wanaouzisha tangu zamani, wakalipa masomo ya watoto na nyumba ya kukodi kwa jiwe na nyundo.

Kila mara fundi wa aina hii anaambiwa kwamba biashara yake itakufa kama hataingia kwenye mitandao. Wanaosema hivyo ni watoto wake, wanafunzi wake wa atelye, hata wateja. Neno hilo halikosi ukweli, na litarudiwa chini. Lakini linaficha swali lingine ambalo kwa fundi mdogo ni zito kuliko lile la mtandao: mteja akishanunua, anabaki wa nani?

Kazi yenyewe inavyokula pesa

Kwanza ni lazima kuelewa kazi, juu ya bei inatoka humo. Malakiti si jiwe gumu sana. Kwenye kipimo cha ugumu wa mawe, ambacho almasi ina 10, malakiti iko kati ya 3,5 na 4. Ndiyo maana inachongeka kwa vyombo vya kawaida. Fundi anaikata, anaisaga kwenye mashine, anaipitisha kwenye karatasi ya msasa, kwanza ile ya mikwaruzo mikubwa, kisha ile laini na laini zaidi, mwisho anaing'arisha mpaka mistari inaonekana kama mawimbi. Kazi hiyo inatakiwa kufanywa na maji mengi. Vumbi la malakiti lina shaba ndani yake, na mtu anayelivuta kila siku bila maji na bila kitambaa usoni anajiharibia mapafu. Mafundi wazee wanalijua hilo, vijana wenye haraka wanalisahau.

Jiwe likiwa na ufa wa ndani linavunjika siku ya mwisho, wakati kazi karibu inaisha. Fundi ameshanunua jiwe, ameshatumia msasa na umeme, ameshakaa siku mbili. Hasara hiyo hakuna anayeilipa isipokuwa yeye. Halafu kuna umeme wenyewe: siku ya delestaji mashine inalala, na fundi anarudi kwenye msasa wa mkono au anakaa kwenye barza kungojea.

Mtu anayepita barabarani haoni yote hayo. Anaona yai la kijani linalong'aa na anasema: «Papa, fanya kabei basi.» Fundi asiyejua gharama zake atashusha, na atashusha tena. Basi kitu cha kwanza cha kuandika, kabla hata ya jina la mteja, ni hesabu ya kitu kimoja: jiwe lilinunuliwa pesa ngapi, msasa ngapi, siku ngapi, na katika mawe kumi ni mangapi yanavunjika. Bila hiyo, bei inawekwa na mnunuzi.

Mtu wa kati

Sehemu kubwa ya malakiti inayotoka katika atelye haiuzwi na aliyeichonga. Inapita mkononi mwa komisioneri. Huyu ni mtu mwenye miguu mirefu na maneno matamu. Anajua hoteli gani imepokea wageni, anajua mzungu gani au Muchina gani anarudi kwao Jumamosi, anajua wafanyakazi wa kampuni wanaotafuta zawadi. Anapita kwenye atelye asubuhi, anachukua vitu kumi bila kulipa, anarudi jioni na pesa ya vitu sita na vinne vilivyobaki. Mara nyingine harudi.

Si haki kumwita mwizi. Komisioneri anafanya kazi ambayo fundi hana nafasi ya kuifanya, na siku mbaya ni yeye anayeleta pesa ya unga. Shida iko mahali pengine. Chukua mfano wa kisanduku kilichochongwa ambacho fundi anakitoa kwa dola 20. Komisioneri anakiuzisha 50. Zile dola 30 za katikati zinaumiza, lakini kinachoumiza zaidi ni kwamba yule mgeni amerudi kwao bila kujua nani amechonga. Mwaka ujao akitaka kingine, au rafiki yake akikiona mezani na kuuliza, hakuna njia inayorudi mpaka kwenye atelye. Fundi ameuza kitu kimoja, komisioneri amepata mteja.

Hali hiyo hiyo inaingia kwenye mitandao bila watu kuitambua. Kijana anakuja na simu nzuri, anapiga picha vitu vyote kwenye meza, anaziweka kwenye ukurasa wenye jina lake. Wateja wanamwandikia yeye. Ni komisioneri yule yule, sasa anatembea kwa vidole. Na picha ikishatoka inaweza kuchukuliwa na mtu wa tatu ambaye hajawahi kushika malakiti, akapokea avansi ya watu kwa kitu asichokuwa nacho. Ambaye jina lake litachafuka ni mchongaji, maana mkono wake unajulikana na wale wanaojua kazi.

Mji ulishayaona haya

Historia ya sanaa hapa Lubumbashi inaonyesha njia zote mbili, wakati hata simu ya mkono haijazaliwa.

Mwaka 1946, Mfaransa Pierre Romain-Desfossés alifungua atelye ya uchoraji mjini, wakati ule ukiitwa Élisabethville. Atelye hiyo ilijulikana kwa jina la Hangar. Humo walitoka wachoraji ambao majina yao yamefika mbali: Pilipili Mulongoy, Bela, Mwenze Kibwanga. Kazi zao zilionyeshwa ng'ambo na kununuliwa. Lakini njia ya kufika kwa wanunuzi ilipita kwa mwenye atelye. Alipofariki mwaka 1954, Hangar haikuendelea peke yake, na wachoraji wake waliingia katika shule ya sanaa iliyoanzishwa na Laurent Moonens mwaka 1951. Mikono ilibaki na ufundi wote, ila mlango wa kuuzia ulikuwa wa mtu mwingine.

Miaka ya 1970 kulikuwa na njia tofauti kabisa. Wachoraji wa mtaani walichora juu ya kitambaa cha mifuko ya unga, wakabeba tablo zao kwa mguu, nyumba kwa nyumba, hasa mwisho wa mwezi wafanyakazi wakishapata mshahara. Waliuza kwa watu wa kawaida waliotaka kitu cha kutundika katika salon: Mamba Muntu, yule mama wa majini mwenye mkia wa samaki, au picha ya askari na wafungwa wa wakati wa Colonie Belge. Tablo hizo zilikuwa na kazi inayoitwa ukumbusho. Mgeni anakaa, anatazama ukutani, na mazungumzo yanaanza.

Mmoja wao ni Tshibumba Kanda Matulu, aliyezaliwa mwaka 1947. Alikuja kuuzisha tablo nyumbani kwa Johannes Fabian, mwalimu wa anthropolojia aliyekuwa akifundisha kwenye chuo kikuu cha Lubumbashi. Fabian hakuishia kununua moja, alikaa naye kuzungumza. Kutoka mazungumzo hayo Tshibumba alichora historia yote ya nchi kwa tablo karibu mia moja, na mwaka 1996 Fabian akaitoa katika kitabu pamoja na maneno ya mchoraji mwenyewe. Leo tablo hizo ziko Amsterdam, katika jumba la makumbusho lililoitwa zamani Tropenmuseum. Tshibumba mwenyewe alipotea mwanzoni mwa miaka ya 1980 na hakuna aliyejua alikoelekea.

Katika kisa hicho wengi wanakumbuka sana jumba la Amsterdam. Fundi wa leo angeangalia kitu kidogo zaidi: mchoraji alibisha hodi mwenyewe, akaonekana uso, akasema jina lake, akarudi tena. Na kila tablo ilikuwa na sahihi.

Jina nyuma ya kitu

Hapa ndipo mafundi wengi wa malakiti na shaba wanashindwa na wachoraji. Mchoraji anatia sahihi bila kufikiri. Mchongaji anatoa yai, kisanduku, ndege, mkufu, na hakuna alama yoyote.

Njia ziko na hazigharimu mengi. Chini ya kisanduku, au kwenye msingi wa sanamu, herufi mbili zinachongwa kwa ncha ya chuma. Nyuma ya tablo ya shaba kuna ubao, na juu ya ubao kuna nafasi ya kutosha kuandika kwa wino usiofutika: jina la fundi, mtaa, namba ya simu yenye +243 mbele, na mwaka. Ile +243 inasahaulika mara nyingi. Mtu akiwa Ndola au Bruxelles na namba inayoanza na 09 haimsaidii kitu. Kwa mkufu au hereni, ambapo hakuna mahali pa kuandika, kinatosha kikaratasi kigumu kilichokatwa vizuri na kufungwa kwa uzi.

Kwenye kikaratasi hicho wajanja wanaongeza mistari miwili juu ya kutunza jiwe: usilioshe kwa limau wala siki, usiliweke karibu na moto, lipanguse kwa kitambaa laini. Ni kweli, asidi inakula malakiti na joto linaiharibu. Lakini mistari hiyo ina faida nyingine. Mnunuzi hatupi karatasi yenye maelezo, anaiweka kwenye droo pamoja na namba ya simu.

Hata komisioneri akipita katikati, jina linasafiri na kitu. Kuna makomisioneri wanaobandua vikaratasi. Herufi iliyochongwa ndani ya jiwe haibanduki.

Kaye ya wateja

Fundi asiye na mtandao ana chombo kimoja cha nguvu, nacho ni kaye ya shule na biki. Wengi wanayo, lakini wanaandika madeni tu. Deni likilipwa wanafuta jina. Kumbe yule aliyelipa ndiye wa kuandikwa kwa uangalifu zaidi.

Ukurasa unaofaa hauna mambo mengi: tarehe, jina la mtu na namba yake, alichonunua na bei, na nani aliyemtuma. Hili la mwisho ndilo lenye thamani kubwa. Baada ya mwaka mmoja, fundi anayesoma kaye yake anaona kwamba nusu ya wateja wake walitumwa na watu watatu au wanne tu. Labda ni padri fulani, sekretere wa kampuni, dereva wa taksi anayesubiri mbele ya hoteli. Watu hao hawajui kwamba wao ndio duka lake. Mwisho wa mwaka wanastahili zawadi, hata kama ni kishika-funguo kidogo cha malakiti kilichotoka kwenye mabaki.

Pembeni mwa jina kuna nafasi ya neno moja au mawili: «mke wake anapenda kijani giza», «binti anaoa Agosti», «alisema meza ni kubwa mno». Mteja akirudi baada ya miezi minane na fundi akamuuliza habari za ile harusi, hapo hakuna tena mjadala wa kabei. Na siku maneno kama haya yanapotoka mlangoni, «Papa, ile kitu ulimutengenezea muyomba wangu, unitengenezee na miye», fundi anafungua kaye na kujua ilikuwa kitu gani, ukubwa gani, na muyomba alilipa ngapi.

Kaye inaogopa maji, moto na watoto. Mara moja kwa mwezi inanakiliwa kwenye kaye ya pili inayolala nyumbani, si atelye. Namba zilizoko ndani ya simu peke yake haziko salama, simu inaibiwa siku moja na miaka kumi ya wateja inakwenda nayo.

Pamoja na kaye kuna albamu. Picha ishirini au thelathini za kazi bora, zilizosafishwa kwenye studio ya picha na kupangwa katika albamu ya plastiki, zinamwezesha mgeni kuchagua kitu ambacho hakiko mezani. Na albamu haitoki kwenye atelye.

Komande za kampuni, shule na kanisa

Mgeni wa hoteli ni mteja wa bahati. Mteja wa kudumu yuko kwingine: kampuni za migodi na za usafiri zinazotoa zawadi kwa mfanyakazi anayekwenda retreti, shule zinazotafuta tuzo mwisho wa mwaka wa masomo, maparokia wakati wa upadrisho au jubilei, familia zenye ndoa. Hawa hawatafuti kwenye Instagram. Wanauliza: «Nani alifanya ile ya mwaka jana?»

Kuwafikia kunataka viatu. Fundi anavaa vizuri, anabeba kazi mbili tu zilizo bora, anakwenda mwenyewe kwenye ofisi miezi mitatu kabla ya wakati wao. Akienda Desemba kwa zawadi za Desemba amechelewa, bajeti imekwisha. Anaacha kitu kimoja kidogo chenye jina lake kwa sekretere. Mafundi wenye aibu wanamtuma komisioneri kwenye kazi hii, na ndiyo kazi pekee ambayo hawangepaswa kumwachia.

Kampuni inaleta swali la karatasi. Kwa meza ya barabarani, patenti inatosha: ni ile ruhusa ya mwaka ya biashara ndogo, inayotokana na sheria ya mwaka 1979. Lakini idara ya fedha ya kampuni kubwa inataka fakture yenye namba ya RCCM na namba ya kodi, na bila hizo komande inakwenda kwa mtu wa kati aliye nazo. Tangu Kongo iingie katika sheria za OHADA mwaka 2012, kuna pia hali ya kisheria inayoitwa entreprenant, iliyowekwa kwa ajili ya mtu mmoja mwenye kazi ndogo. Huyo anatoa tangazo la kazi yake bila kupita usajili wote wa kampuni. Kabla ya kulipa chochote, ni vizuri kuuliza kwanza kampuni inayonunua itakubali karatasi gani, na kuomba resi kwa kila faranga inayotolewa ofisini.

Komande yoyote kubwa inaanza na avansi ya nusu. Jiwe linanunuliwa kwa avansi, siyo kwa pesa ya nyumba. Makubaliano yanaandikwa, hata kwa mistari minne: kitu, idadi, bei, siku, na nini kitafanyika jiwe likivunjika. Watu wanaojuana wanaona haya kuandika. Ndio hao hao wanaokuja kugombana.

Simu ya vitufe, redio na mdomo

Kukosa mtandao si kukosa mawasiliano. Simu ya vitufe inapokea simu, inapokea M-Pesa, Airtel Money na Orange Money bila intaneti, na bateri yake inavumilia delestaji ya siku mbili. Mteja wa Kolwezi au Likasi anaweza kutuma avansi asubuhi, na kitu kikafungwa vizuri na kupelekwa kwenye ajensi ya magari jioni. Kwa malakiti, kufunga ni ufundi wa pekee: kila kipande katika gazeti na kitambaa, visigusane, boksi lisiwe kubwa. Jiwe hili lina uzito karibu mara nne wa maji, na mgeni wa ndege mwenye haki ya kilo 23 anapaswa kuambiwa hivyo kabla ya kuchagua tembo mkubwa.

Tangazo la redio linasaidia kwa jambo lenye siku: maonyesho, atelye imehama, kozi ya vijana inaanza. Kulipa tangazo kila wiki kwa ajili ya kuuza mikufu ni kutupa pesa. Kibao kwenye kona ya barabara kinafanya kazi hiyo kwa bei ndogo, ilimradi mshale uelekee upande wa kweli. Vibao vingi mjini bado vinaonyesha atelye zilizohama.

Mtandao unatoa nini, na unakata lini

Fundi asiye mtandaoni anakosa watu kweli. Wakongomani walioko Ubelgiji, Ufaransa au Afrika Kusini hawapiti mbele ya barza yake, na wao ndio wenye hamu ya kitu cha nyumbani. Vijana pia wanachagua kwa picha. Kwa wateja hao, kinachosaidia ni mteja wa zamani anayeonyesha kitu chake mwenyewe, chenye jina na +243 nyuma. Mtu wa tatu akiuliza, anajibiwa na aliyenunua.

Kwa upande mwingine, waliokuwa na duka lote ndani ya simu wanakumbuka mwisho wa mwaka 2018. Baada ya uchaguzi, tangu tarehe 31 Desemba, intaneti na SMS zilikatwa nchini kwa karibu siku 20. Aliyekuwa na komande kwenye WhatsApp hakuweza hata kusoma nani alimwomba nini. Aliyekuwa na kaye alipiga simu.

Baki swali la siku ambayo fundi mwenyewe haamki. Katika atelye nyingi mwanafunzi anajua kukata, kusaga na kung'arisha, lakini hajawahi kufungua kaye wala kuongea na mteja. Mzee akilazwa hospitali miezi miwili, vitu vinaendelea kutengenezwa na vinamwishia komisioneri. Atelye zilizopita salama katika hali hiyo ni zile ambazo mwanafunzi alikuwa ameshapelekwa kwenye ofisi za wateja na kutajwa jina lake mbele yao. Humo pia kaye iliwekwa mahali ambapo angalau watu wawili wanapajua.